Mawe ya Uwanja wa Kisulisuli

Baba,

Shikamoo. Marahaba yake kaa nayo, utanipa siku tutakayoonana.

Nakuandikia mchana, watoto wamelala baada ya wali. Mdogo nimemlaza juu ya mapaja yangu na karatasi nimeiweka juu ya sinia, kwa hiyo ukiona herufi zinakwenda upande usicheke. Skuli yangu unaijua, iliishia darasa la sita Mombasa. Lakini nimeona nikuandikie mwenyewe, maana huko uliko watu wanazidi kuja, na kila anayekuja atakuja na maneno yake. Atakwambia, "Maskini, tulisikia ulifia kitandani." Usimwitikie. Sikiliza kwangu yaliyosemwa nyuma yako, na nilivyoyajibu.

Hukufia kitandani, Baba. Ulifia uwanjani, Ijumaa baada ya Alasiri, kona ya kushoto, upande wako. Mie sikuwepo. Nilikuwa kwako na Mama tunakaanga vitumbua vya chai ya kurudi kwako. Tuliposikia gari lako la maji linapiga honi uchochoroni, Mama akaacha upawa. Tulijua si wewe unayeendesha, kwa sababu wewe honi hupigi penye nyumba za watu. Akashuka Humaid, golikipa wako, muuza majani ya mifugo, mwanamume mrefu na ndevu zake, akasema, "Zuwena, Mzee. Mzee." Basi. Kiarabu kilimwisha, na kile Kiswahili chake cha uwanjani pia kikamwisha.

Baadaye ndiyo alitueleza. Umempita mtu mmoja, umeinua mguu upige krosi, kisha ukakaa chini taratibu kama mtu aliyeonyeshwa mkeka. Akaja mbio kutoka golini, akaweka sikio lake mdomoni kwako. "Mzee kusema shahada," alituambia, analia. "Yote. Mpaka mwisho. Mimi kusikia."

Mtu aliyeondoka na shahada mdomoni ana kosa gani? Lakini maji ya kukuosha hayajapata moto, nduguyo mkubwa, Ami Sleyum, alikuwa keshatoka kwenye sabla, baraza la wanaume, akawaambia waliokuja kuzika, "Ndugu yangu amefia kitandani kwake, kwa utulivu." Maghribi haijaingia, mji mzima unakijua kitanda. Wanawake wakija kumpa Mama pole husema, "Alhamdulillahi, kafia kitandani kwake," na Mama ananitazama. Asingeweza kumkanusha shemeji yake siku ile. Na mie nina mmoja ananyonya, mwengine ananing'inia kwenye kanga, nikanyamaza. Nikanyamaza na kesho yake. Siku ya tatu, jirani mmoja mwema, nia yake safi kabisa, akasema, "Kafa kifo kizuri, kitandani."

Nikasema, "Kafa kifo kizuri, uwanjani. Alikuwa anapiga krosi."

Baba, vikombe vya kahawa vilisimama mikononi. Bibi Shamsa, yule jirani yetu wa hapa hapa Ibra, mwenye barakoa yake na bakora yake, akaniuliza kwa Kiarabu: krosi ni nini? Na mie, katikati ya azaa, nguo zangu za msiba mwilini, nikainuka nikaonyesha. Mguu huu hapa, mpira unatoka pembeni, unapita juu, unamkuta mwenzio mbele ya goli. Bibi Shamsa akatikisa kichwa kama mtu aliyeelezwa dawa. Mama alijifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Nilidhani nimemliza. Nilipomwinamia nikakuta analia kweli, lakini anacheka pia, vyote viwili, hajui kipi akitoe mwanzo.

Maneno yakamfikia Ami. Akaniita. "Umenivua nguo, Zuwena. Mtu mwenye wajukuu kufa na bukta! Paja ni uchi, hukusomeshwa?"

Nilisomeshwa, Baba, hayo yalinifikia. Na bukta zako nazijua kuliko yeye, nimezifua mie. Zilipita magoti. Mama alikushonea vile tangu wazee wa mji walipoanza kunong'ona, kitambaa kizito cha suruali za skuli, na wewe ukazivaa ukajitazama ukasema, "Mke wangu, hii bukta au hema?" Lakini ukazivaa. Hukuwahi kumvunjia mtu heshima kwa mguu wako. Niliyasema haya kwa Ami kwa adabu, macho chini. Akanijibu kwa kuniacha nimesimama.

Wiki ile ile akaja na pikapu, akang'oa nguzo za goli. Zote. Yale mabomba ya chuma uliyoyachomea mwenyewe. Akayapeleka kwake, akayafanya nguzo za banda la mbuzi.

Sasa ngoja. La kitanda liliniuma, lakini hili la nguzo lilinichoma pengine kabisa, na nataka nieleze kwa nini. Wewe unajua. Najielezea mwenyewe, na hawa watoto watakapoweza kusoma.

Habari zako za Unguja mie ni za kusimuliwa, nilitoka mdogo. Nilikuwa nakuona mpole, dereva wa gari la maji, nikasikia watu wazima wakija nyumbani wanakuita Kisulisuli, nikadhani wanakukejeli. Mama ndiye aliyenieleza. Kwamba ulikuwa ukipewa mpira umempa mtu mgongo, unazunguka mara moja, na vumbi likitulia wewe hupo na mpira haupo. Kwamba mlicheza miguu mitupu, bendeji kwenye kifundo, na daluga zako za mwanzo zilikuwa kubwa mpaka ukazitia pamba. Na Bibi, mama yako, hataki kusikia neno mpira. Kwake mpira ulikuwa wa watoto wasio na kwao. Kwa hiyo wewe ulikuwa ukitoka baada ya Alasiri na kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya kazi ya mkono, mtu akikuona atasema huyu anakwenda darsani, na ndani ya kanzu umevaa bukta.

Halafu siku ile mlipowafunga mabaharia wa meli ya kizungu, goli lako, watu wakakubeba mabegani kutoka Mnazi Mmoja mpaka Vuga. Wamepita uchochoro wa nyumbani, wajinga wale. Bibi yuko dirishani. Kamwona mwanawe juu ya vichwa vya watu, bukta, miguu vumbi tupu. Akafunga dirisha. Wewe ukazunguka mpaka giza likaingia, unaogopa. Ulipokuja akakuwekea chakula kama kawaida, akasema maneno mawili tu: "Kisulisuli. Kula."

Hii nimeisikia kwa Mama sijui mara ngapi na bado naipenda.

Kisha yakaja yale. Sitayaandika. Kiwanja, timu, nyumba, dirisha la Bibi, vyote vikabaki upande wa pili wa maji, na sie na nguo za mwilini. Picha yako hatuna hata moja. Mombasa ulibeba magunia dukani kwa jamaa na mpira hukuugusa. Mama anasema hata redio ikitangaza mpira ulikuwa unatoka nje. Ndipo miaka ya sabini tukaambiwa njooni nyumbani, nchi ya babu zetu imefunguka. Tukaja Ibra, nyumbani, mahali tusipomjua mtu, na Kiarabu chetu kilikuwa cha msahafuni. Cha sokoni hatukukijua.

Ukapewa gari la maji. Na katika kuzunguka nalo ukapaona pale. Unakumbuka ulivyoingia? Hata salamu hukutoa. "Hawa watu wana kiwanja kikubwa kuliko Mnazi Mmoja! Katikati ya mji! Cheupe, sawasawa, hakina nyumba, hakina mtende, hakina ukuta! Na hakuna anayekitumia!" Mama akasema labda hawajui mpira. Tukafurahi sote. Si mmoja katika sisi aliyejiuliza kwa nini watu wanaopanda mtende mahali padogo kama mkeka wa kusalia wameacha peupe pakubwa namna ile. Tungejulia wapi? Tumetoka kisiwani. Sisi mto mkavu hatujauona. Ile ilikuwa ni wadi, Baba, njia ya maji, na mji mzima uliijua isipokuwa sisi.

Tukaenda tukaokota mawe. Mie msichana, nabeba karai. Watu wa hapa wamekaa ukingoni na birika lao la kahawa wanatutazama, Humaid yumo, wanacheka mpaka wanashikana mabega. Mzee mmoja akatuonea huruma, akashuka, akakuonyesha kidole milimani. Wewe ukatazama milima, ukamwambia kwa Kiarabu chako cha msahafuni kwamba, kweli, milima yenu mizuri. Akarudi zake juu.

Mvua haikunyesha hata juu yetu. Ilinyesha huko kwenye milima mizuri. Tukasikia mngurumo, tukadhani malori, na wewe unapiga kona. Hapo ndipo nilipokuona unakimbia kweli. Maji mekundu, yanabiringiza mawe makubwa kama kondoo, yakachukua nguzo zako za magogo ya mitende, yakachukua chupa ya chai ya Mama, yakachukua mstari wa chokaa niliouchora mie kwa mkono wangu. Na kutoka ukingoni mtu akapaza sauti, "Ya Zinjibari! Uwanja wako umeshuka, kaufuate!"

Nilidhani utatafuta pengine. Ulikaa juu ya jiwe, nguo zinachuruzika maji. Nikasema, "Baba, maji yamechukua kila kitu."

Ukasema, "Ndiyo. Maji. Si mtu."

Kisha ukanishika kichwa. "Hapa pazuri, mwanangu. Hapa hapana mwenyewe. Hakuna atakayekuja na karatasi mkononi kuniambia toka. Mvua itatufukuza, na mvua ikimaliza kazi yake inakwenda zake. Mvua haina kinyongo. Tutarudi."

Maneno hayo nimeyabeba muda mrefu kuliko nilivyombeba mtoto yeyote wangu.

Na tukarudi, kila wadi ikishuka. Ukaweka sheria: hakuna mguu unaogusa mpira kabla mkono haujaokota mawe, karai moja zima, awe nani. Humaid aliposhuka siku ya mwanzo, ati anakuja kutazama kwa karibu, ukamtia karai mkononi. Akasema mie mgeni hapa. Ukamwambia, kwetu sisi mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa mawe mengi, jembe siku ya mwanzo. Sijui alielewa nini. Aliokota. Kesho yake akaja na nduguze, wanakimbia kanzu zao wamezing'ata kwa meno, na wewe pembeni unapiga kelele, "Toa! Rudi! Mwache! Usilale!" Leo wako wanaume wazima katika mji huu, Waarabu wa kabila zao, Kiswahili chao chote ni hicho. Humaid hata punda wake humwambia "Usilale!", na punda anaelewa.

Nakumbuka ulivyokuwa unabakisha maji kidogo kwenye tangi, kabla ya mchezo unanyunyiza uwanja ili vumbi lilale. Nakumbuka mlipokwenda kucheza Nizwa nyuma ya pikapu, wakakuona nywele nyeupe wakakuita shaibu, kizee, wakicheka. Mliporudi Humaid alisema kipindi cha pili waliendelea kukuita shaibu, lakini sauti ilikuwa nyengine. Nakumbuka walipojenga kiwanja kipya chenye uzio na majani, wakawachukua vijana wako walio bora, na hukuwazuia hata mmoja, ukawafungia mizigo. Wewe wakakupa kiti cha mbele. Ulikaa mechi moja. Nilikuuliza kiwanja kikoje, ukasema, "Kizuri. Kina geti." Kesho yake ukarudi wadini na waliobaki.

Sasa unaelewa kwa nini nguzo zilinichoma. Miaka yote ile maji yametufukuza na tumerudi. Safari hii amekuja mtu. Mtu amekuja kusema tokeni, na mtu mwenyewe ni damu yetu.

Hilal, mume wangu, aliporudi Alhamisi kutoka kazini Maskati nikamwambia nakwenda kwa Ami kuyafuata yale mabomba. Akacheka. Akaona sicheki, akaacha. "Watu watasemaje?" Nikamwambia watasema, wana midomo. Kisha akasema nikihitaji pikapu nimwambie. Mume wangu si mtu wa maneno mengi lakini unajua wewe ndiye uliyemchagua, na hukukosea.

Nikapita kwa Mama kwanza. Mama yumo edani, nje hatoki, amekaa na cherehani yake anabana nguo za Asya wangu. Nilidhani atanikataza. Alikata uzi kwa meno, akasema bila kuinua kichwa, "Ukifika, mwulize Ami yako swali moja. Mnazi Mmoja, kanzu ya baba'ko alikuwa akiishika nani?"

Mdogo nikampakata, Asya nikamshika mkono, nikaenda. Nilimsalimia Ami vizuri, shikamoo, nikambusu mkono. Adabu yako nimeitimiza mpaka mwisho. Kisha nikasema, "Ami, nimefuata mabomba."

Akasema, "Mwanamke haingii mambo ya mpira."

"Siingii mpira, Ami. Nimefuata mabomba ya baba yangu."

"Mbuzi nitawaweka wapi?"

"Mbuzi walikuwa na kivuli kabla Baba hajafa. Watakipata tena."

Akakasirika. Akasema nimekua bila kurudiwa, akasema wewe ulinidekeza, akasema yeye ndiye anayekaa na wanaume sabla, yeye ndiye anayeulizwa nduguyo alikufaje, na yeye amelificha jambo hili kwa heshima yako na heshima yetu, na mie nalifukua. Mdogo akaanza kulia. Nilichoka, Baba. Usingizi wangu unaujua, tangu huyu azaliwe sijaushika. Jua limesimama kichwani. Kidogo nirudi.

Nikasema, "Mama anakuuliza. Mnazi Mmoja, kanzu ya Baba alikuwa akiishika nani?"

Akaangalia mbuzi. Akakaa juu ya kibaraza chake pale mlangoni, na mara ya kwanza nikaona mnavyofanana, kidevu kile kile.

"Mie," akasema.

Alikuwa anakaa juu ya ukuta na kanzu yako imekunjwa mapajani isiingie vumbi. Na Bibi akimwuliza nduguyo yuko wapi, anajibu, "Yuko msikitini." Miaka yote ile. Na siku ya mabaharia, walipokubeba, alikimbia nyuma ya watu na kanzu mkononi anapiga kelele wakuvike, wakuvike kabla ya kupita nyumbani, na hakuna aliyemsikia. Alinieleza haya bila kunitazama. Akasema, "Nilikuwa nimezoea kumfichia."

Nami nikaelewa. Kumbe bado anakushikia kanzu, Baba. Siku ya kufa kwako alikimbia tena kukuvika kabla watu hawajaona. Hasira yangu haikuisha, nisikudanganye. Ilibaki, lakini ilipata pa kukaa.

Nikamwambia, "Ami, Bibi alikwishaona. Alifunga dirisha akampa chakula. Hakuna tena wa kumficha."

Alisimama, akaanza kufungua kamba za banda mwenyewe. "Moja limepinda," akasema. "Ni vile nilivyoling'oa. Mwambie mumeo alinyooshe."

Hilal akayaleta nyumbani kwa pikapu. Na kabla hatujayapanda, wadi ikashuka. Kubwa. Ilikula kingo, ilipasua barabara, ilipokwisha uwanja wako haukujulikana. Mawe kichwa kwa kichwa kama soko la maboga. Wakapatikana wa kusema Mungu mwenyewe kaufunga. Nikasema Mungu kateremsha mvua, la kufunga mnalitoa wapi? Na nguzo zingalikuwa pale zingalikwenda. Kwa hiyo, Baba, hata mbuzi wa Ami tuwashukuru.

Asubuhi nikatoka na karai. Mdogo mgongoni, Asya mbele. Niliinama nikaanza kona ya kushoto. Sikuwa na fikra kubwa yoyote, nilikuwa nahesabu tu kwamba nikianza mapema nitarudi kupika. Jiwe la kwanza nililoshika... hapo nilikaa kidogo. Basi. Niliinuka.

Nikasikia bakora. Bibi Shamsa anateremka ukingo na karai lake la kulishia mbuzi. Akasimama, akaninyooshea bakora, "Nionyeshe. Hiyo krosi yake ilikuwa iende wapi?" Nikamwonyesha. Akaanza kuokota kutoka hapo, kwenda golini, mstari mmoja ulionyooka, kama anaufungulia mpira njia yake. Jirani wengine wakaja, wengine na watoto, wengine kwa umbea tu, na kila aliyekuja kwa umbea nikamtia karai mkononi. Sheria ni yako. Baada ya Alasiri akaja Humaid na wale wengine, wakawakuta wanawake wamesafisha nusu ya uwanja, wakaona haya, wakaokota kama wamewashwa moto. Humaid ananipita na jiwe kifuani ananiambia, "Zuwena! Usilale!" Nilicheka, Baba. Tangu siku ile ya honi sikuwa nimecheka.

Ijumaa iliyofuata wakacheza. Sisi wanawake tulikaa ukingoni, mbali kidogo, na vitumbua vya Mama vilivyotumwa kutoka edani na salamu kwamba vimeungua kidogo, mvumilie. Nguzo moja imepinda bado, Hilal kajaribu, haikunyooka. Gari lako analo dereva mwengine, lakini kuna mtu alimwambia, kapita kanyunyiza, vumbi likalala.

Ami alikuja. Sikumwalika. Alisimama peke yake na kilemba chake na bakora, si mbali na sisi, kama mtu aliyepita njia. Humaid akavua kanzu yake aitundike kwenye mti wa msamri kama kawaida. Ami akanyoosha mkono. Humaid hakuelewa, akadhani anataka salamu. Ami akaichukua ile kanzu, akaikung'uta, akaikunja mara mbili, akakaa juu ya jiwe akaiweka mapajani.

Ikapita gari, mtu wa mbali, labda anakwenda Sur, akasimama kutazama. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia. Akamwuliza Ami kwa Kiarabu kiwanja cha nani hiki.

"Hakina mwenyewe," Ami akasema. Halafu akasema, "Ndugu yangu alikianzisha."

Yule mtu akauliza, yuko wapi nduguyo?

Ami alinyoosha kidevu kile chenu kuelekea kona ya kushoto. "Alifia pale," akasema. "Anapiga krosi."

Hayo ndiyo niliyotaka uyasikie kwangu. Sasa ukija kuambiwa kitanda, una la kujibu.

Huyu mdogo ameanza kujinyoosha, ataamka, na nguo za skuli bado hazijafuliwa. Nakuaga, Baba. Sikulilii leo. Kesho sijui. Asya jana alipiga kopo uani likaruka ukuta, nikatazama mguu uliolipiga, ni wa kushoto, kama wako. Sijamwambia mtu. Atakapotaka kushuka na karai lake, mie sitakuwa geti.

Na ahadi yangu ni hii. Wadi itashuka tena, mwaka huu au ujao, itachukua mstari, itachukua nguzo, labda itachukua na jiwe la Ami. Ishuke. Ikimaliza kupita, mie nitakuwa ukingoni.

Pumzika. Mawe niachie mie.

Mwanao,
Zuwena